Wale Niliowaandika "Amekataa"

Wanangu mnaoanza uuguzi na utabibu, katika maisha yangu nimeandika neno "amekataa" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Nililiandika kwa mwandiko mzuri, maana waliotufundisha hawakuwa na mchezo na mwandiko, na kwa miaka mingi halikunikosesha raha hata siku moja. Sasa nimestaafu, nakaa Mpwapwa katika nyumba ya marehemu baba, nafuga kuku wasionisikiliza, na neno hilo linanirudia kuliko mengine yote niliyowahi kuandika kazini.

Nilikuwa muuguzi wa macho. Msidhani ni kazi ya kukaa kliniki na kuwasomesha watu herufi za ukutani. Enzi zile za ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni na mitumba ikafika hadi minadani, sisi tulikuwa tunazunguka na Land Rover moja kuukuu, kutoka Kondoa mpaka huku chini kwenye reli, tukifanya upasuaji wa vikope. Nyinyi vikope mnavijua kwenye vitabu. Sisi tulivijua kwenye nyuso za akina mama. Inzi, vumbi, maji ya shida. Mtoto anaambukizwa, anapona, anaambukizwa tena, na akifika utu uzima ngozi ya ndani ya kope imejaa makovu. Kope inajikunja kuelekea ndani, na nywele zake zinakwangua kioo cha jicho kila anapopepesa. Hebu jihesabuni mnapepesa mara ngapi mkisoma ukurasa huu. Jicho likikwanguliwa hivyo kwa miaka linageuka jeupe, na likishakuwa jeupe hatukuwa na la kufanya.

Upasuaji wenyewe ni mdogo. Sindano ya ganzi, mkato mmoja, kope inageuzwa itazame nje, inashonwa nyuzi chache, jicho linafungwa mpaka kesho yake. Daktari wetu aliitwa Kapinga, mtu wa Songea, mkono mwepesi, mdomo mzito. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima kwa tochi, kueleza, na kuandika daftari. Daftari lilikuwa na jina, umri, kijiji, jicho lipi, na mwishoni safu mbili nyembamba: moja ya amekubali na moja ya amekataa. Unaandika moja, unamwita anayefuata. Na daftari la serikali halifutwi kwa raba. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lisomeke, kisha unatia sahihi yako pembeni. Hilo nilifundishwa kabla sijafundishwa kushika bomba la sindano.

Niwape kwanza kosa la kuchekesha. Tulikuwa Busi, kule Kondoa, mwaka ambao mvua zilikuwa zimegoma. Mzee mmoja alikuja wa kwanza, kanzu safi, akaketi mbele yangu. Nikamweleza upasuaji mwanzo mpaka mwisho, na kila nikipumua anasema, "Ndiyo, mwanangu." Nikamwandika amekubali, roho kwatu. Amelala mezani, amefunikwa kitambaa, Daktari Kapinga keshashika sindano, mzee akauliza kwa upole, "Na mahindi tunachukulia mlango upi?" Aliona gari la serikali, daftari na mstari wa watu, akajua kabisa kinachogawiwa. Daktari alicheka mpaka ikabidi anawe mikono upya. Na mimi nilicheka, nikaisimulia hospitali nzima kwa mwezi mzima. Ila sikujiuliza: kama niliowaandika wamekubali hawajui wamekubali nini, hawa niliowaandika wamekataa, wamekataa nini?

Jibu nililipata kijiji kingine, na lilinikuta nimechelewa.

Kijiji chenyewe sikitaji. Unafika Gulwe, unavuka reli, unaingia porini na gari lako na dua zako. Huko alikuwepo mama mmoja wa Kigogo, Mama Nyemo, mrefu, mkavu, wa umri wa mama yangu mdogo. Shingoni alivaa ugwe wa ngozi wenye kibano kidogo cha chuma, alichofuliwa na mhunzi kutokana na kipande cha waya wa simu ya reli. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakuwa jeupe. La kulia lilikuwa bado zima, lakini pembeni ukungu ulikuwa umeanza. Safari ya kwanza nilimweleza, akasema, "Siyo leo." Nikaandika. Safari ya pili, "Siyo leo." Ya tatu hivyo hivyo. Na nyuma yake walikuwa wanawake sita wenye vikope kama vyake, na kila mmoja nikimwita ananijibu, "Mpaka Mama Nyemo." Wote nikawaandika amekataa, safari zote tatu.

Garini tukirudi kila mtu alikuwa na maelezo yake. Daktari alisema ni woga. Dereva alisema ni ushirikina. Mimi, mjukuu wa wafanyabiashara waliofika Mpwapwa na misafara, niliyelelewa kwenye baraza ambapo Mgogo alikuwa mtu wa kuuziwa chumvi, nilisema, "Wagumu hawa." Naona haya kuliandika, lakini nililisema, tena zaidi ya mara moja.

Safari ya nne ilikuwa wakati wa mavuno. Vijiji vyote vilikuwa vinapura uwele, na pumba zilikuwa zinaruka njia nzima. Tulipofika, jicho langu moja lilikuwa limeingiwa. Nikalifikicha, kosa ambalo nawakanya wagonjwa kila siku, likawa jekundu na kutiririka machozi. Daktari alikuwa anachemsha vyombo katika darasa la shule ya kijiji, ndipo tulipokuwa tukifanyia kazi. Mama Nyemo aliniona.

"Nesi," akaniita. "Njoo hapa."

Alikuwa amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe kwenye kivuli cha ukuta wa tembe lake, miguu ameinyoosha, na mmoja wa wale sita kichwa kiko mapajani pake. Alikuwa anamng'oa nywele za kope kwa kile kibano. Wengine wanasubiri zamu, wanachambua mlenda, wanapiga soga. Nilikuwa nimeliona jambo hilo safari zote na kulidharau, maana vitabuni liliitwa mazoea mabaya. Wakati ule vibano vya dukani vilikuwa vimeanza kuuzwa mnadani, vinang'aa. Mama Nyemo alijaribu kimoja akakitupa, kwa sababu kinateleza, kinakata unywele badala ya kuung'oa, na ukikatika unabaki kisiki kinachochoma kuliko mwanzo. Hilo ni kweli, na mimi sikulijua mpaka aliponiambia.

Yule mwanamke akainuka, nikalala mimi. Mimi mwenye cheti na sare, kichwa mapajani pa mgonjwa. Nikasubiri anishike jicho. Hakunishika.

"Jicho hili leo unalifanyia kazi gani?" akaniuliza.

"Kazi gani vipi, mama?"

"Kama unaandika, nitatoa hilo linalochoma tu, nisikutoe machozi mengi. Kama umemaliza kazi, nitatazama lote."

"Ninaandika."

"Haya. Nianze, au upumue kwanza?"

Nikapumua kwanza. Halafu akalitoa lile kapi la uwele kwa ncha ya khanga, taratibu, na kibano hakukigusa kabisa. Wanangu, nilikuwa na miaka mingi kazini na sikuwa nimewahi kumuuliza mgonjwa hata mmoja jicho lake analifanyia kazi gani kesho yake.

Nikiwa bado nimelala, sina daftari mkononi, uso wake uko juu yangu, nikamuuliza kama mtu anavyomuuliza shangazi yake: "Mama, kwa nini hutaki kufanyiwa?"

"Nani kasema sitaki?"

"Si kila mara unasema siyo leo?"

"Ndiyo. Siyo leo." Akawaonyesha wenzake kwa kidevu. "Hawa sita nawatoa nywele mimi. Zikikaa wiki mbili zinarudi, zinawachoma, hawalimi, hawapiki. Jicho langu hili moja ndilo linaloona kwa ajili yao. Kule ng'ambo ya reli kuna mwanamke alikatwa, kope ikapinda, mpaka leo jicho halifungi. Na mimi likipinda, nani atawatoa? Wafanyeni wao kwanza. Wakipona, hawana shida na mimi. Hapo nikateni."

"Lakini wao wanasema mpaka wewe."

Mkono wake ukasimama kichwani pangu. Akawageukia, akasema nao kwa Kigogo. Kigogo changu kilikuwa cha sokoni, nikapata nusu, lakini hiyo nusu ilitosha. Walikuwa wanamngoja yeye atangulie waone kama atarudi mzima, na yeye alikuwa anawangoja wao wapone. Mmoja akajifunika mdomo kwa khanga akicheka. Mama Nyemo naye akacheka, kisha akaacha kucheka, maana mwenye akili aliona ni misimu mingapi imepita hapo. Na mimi nikaona. Safari tatu, watu saba, na dawa yake ilikuwa swali moja la kuuliza ukiwa umelala.

Nilimfuata Daktari Kapinga darasani nikamweleza. Akakunja uso.

"Sista Hadija, jicho la kulia la huyo mama ndilo linalokufa. Nikilifanya leo naliokoa. Hao sita wanaweza kungoja, yeye hawezi."

Na alikuwa sahihi. Msinielewe vibaya hapo, kwa jicho lenyewe alikuwa sahihi kabisa. Nikamwomba aje amwambie mwenyewe, aketi, na aanze na habari mbaya. Hili mlishike: mkianza na nzuri, mgonjwa ameshafurahi, na ile mbaya haisikii tena. Daktari akaletewa kigoda, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama," akasema, "tukilikata la kulia, mara nyingi linapona vizuri. Mara chache kope inapinda, kama ya yule uliyemwona. Tukiliacha, nywele zinaendelea kulikwangua. Linaweza kuwa jeupe kama la kushoto. Likishakuwa hivyo, sina dawa."

"Mtarudi lini?"

"Miezi mitatu."

Mama Nyemo akakishika kibano chake. Akamwita mwanamke aliyekuwa na zamu, akamlaza, akaendelea kung'oa. Mimi nilikuwa na maneno mdomoni, mazuri, ya kumsukuma. Nikayameza. Akamaliza jicho moja, akamaliza la pili, akapangusa kibano kwenye khanga.

"Fanyeni la kushoto," akasema.

"La kushoto halioni, mama."

"Najua. Ni langu. Linaniuma kama linaloona. Na hawa wataniona nimekwenda, nimerudi. Kisha wafanyeni wao. La kulia mtalikuta."

Daktari alinitazama kana kwamba maneno yale nimempa mimi. Uzi wetu ulikuwa wa kuhesabu, na kwake kuutia kwenye jicho lililokufa ilikuwa kuupoteza. Alivumilia kidogo, halafu akasema, "Mwandalieni maji anawe uso."

Alifanyiwa asubuhi ile. Mchana alikuwa amekaa palepale ukutani, plasta jicho la kushoto, wenzake wamemzunguka wanamgusagusa kama mtu aliyerudi kutoka hija. Sita wote wakafanyiwa, siku ile na ya pili yake. Kabla hatujaondoka daktari alimwendea tena, akamwambia sasa wote wameshafanyiwa, ampe la kulia. Akakataa, na safari hii kweli lilikuwa neno lake. "Hawa wamefungwa, hawajapona. Nyuzi zitoke kwanza, nione kama nywele hazirudi." Nikachukua rula, nikachora safu nyingine ukingoni mwa daftari, nikaiita "Anasemaje." Kwenye mstari wake nikaandika: la kulia lisubiri, analitumia kuwang'oa wenzake nywele mpaka wapone.

Safu ile ilinipa kazi nzuri. Chemba nilikutana na mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa ameandikwa amekataa na mwenzangu. Nikamuuliza jicho analifanyia kazi gani wiki hiyo. Akasema Jumamosi ni mnada, na mnunuzi akimwona ana plasta atasema huyu hajaona meno ya ng'ombe anaowauza. Tukamfanya Jumatatu, akatuletea maziwa. Muulizeni mtu kesho yake itakuwaje, kaeni chini kuliko yeye au sawa naye, wekeni kalamu mezani. Mkishauliza, nyamazeni kwa muda wa kunawa mikono vizuri. Ni mrefu kuliko mnavyodhani.

Lakini sikuwaita hapa niwasifie maswali yangu, maana miezi mitatu ilipita na hatukurudi.

Mvua za mwaka ule zilikuja mapema, tena kwa hasira. Mto ukapanda reli pale Gulwe, barabara ikakatika. Maji yalipopungua, Land Rover ikafa gia. Kipuri kikangojwa kutoka Dar es Salaam, kikaja cha gari jingine. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Kila niliposwali nililiona lile jicho la kulia na ukungu wake pembeni. Nilijiambia nimeua jicho kwa adabu, kwamba muuguzi hodari angemshika mkono akamlaza mezani, basi. Mama yangu mzazi aliniuliza mbona sili, nikasema ni joto. Nilikuwa naogopa kurudi kuliko ninavyoogopa nyoka.

Tulirudi wakati wa mavuno yaliyofuata. Nyemo, binti yake, alitupokea barazani. Wale sita walikuwepo, macho makavu, wameyakodoa kama wasichana. Na Mama Nyemo alikuwa amelala, kichwa mapajani pa mmoja wao, anang'olewa nywele kwa kibano chake mwenyewe. Walikuwa wamepeana zamu mwaka mzima, wao na Nyemo, kila wiki mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, nesi. Mmechelewa. Huyu Nyemo ana mkono wa kukamua ng'ombe, amenitesa."

Nikamulika tochi. Kovu lilikuwa limetambaa kutoka pembeni mpaka katikati na kusimama hapo. Wale wanawake na kibano chao walikuwa wamelizuia lisifike mwisho. Daktari alimfanyia saa hiyohiyo, polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya.

Kesho yake tulimfungua. Aliona mlango. Aliona mbuzi. Aliona watu, akawataja mmoja mmoja kwa majina. Nyemo akampa sindano na uzi, akajaribu, akarudisha. Akachukua kibano, akamtazama mwenzake kope kwa karibu, akakiweka chini.

Nje daktari aliniambia kwa sauti ya chini, "Tungelifanya siku ile, lingeona uzi." Hakunilaumu. Alisema kwa sababu ni kweli na alijua nami naijua. Nikarudi ndani nikamwambia mwenyewe, maana sikutaka alisikie kwa mwingine.

"Mama, tungeanza na la kulia, ungeona zaidi ya hivi."

"Si mliniambia?"

"Tulikuambia."

"Mlisema linaweza kupotea. Sikuwa kiziwi." Akawaelekea wenzake. "Macho kumi na mawili yale yanaona?"

"Yote yanaona."

"Basi usinililie mimi. Lia kwa ajili ya gari lenu."

Nililia hata hivyo, na sikujificha. Halafu nikafungua daftari, maana kazi ni kazi. Alisikia karatasi.

"Unaandika nini?"

"Kwamba umefanyiwa."

"Na zile safari za kwanza uliniandikaje?"

Hakujua kusoma. Ningeweza kumwambia chochote. "Niliandika umekataa, mama. Mara tatu."

"Na hawa?"

"Na wao. Mara tatu kila mmoja."

Akanyamaza kwa muda wa kunawa mikono vizuri. "Hatukukataa," akasema. "Hamkuuliza. Futa."

Nikamweleza kwamba daftari la serikali halifutwi, kwamba anayekosea anapiga mstari juu ya kosa lake na kutia sahihi.

"Fanya hivyo. Nione."

Nikafunua kurasa za nyuma, nikapata jina lake, nikapiga mstari, nikatia sahihi. Akainamisha uso mpaka pua ikakaribia karatasi, na kwa nusu ya jicho aliyobaki nayo akaufuata ule mstari, kidole chake nyuma ya kalamu yangu. Nikapiga wa pili. Nikapiga wa tatu.

"Sasa wenzangu," akasema.

Gari lilikuwa linatungoja na dereva amepiga honi. Daktari Kapinga akatoka akamwambia anyamaze. Katika daftari lile, sahihi yangu imo mara ishirini na moja.